HESABU ZA SAFARI: MWANZA HADI DAR KWA NDEGE

Mzee mmoja jirani yetu huku Magu aliuza ng'ombe wawili ili ampeleke mjukuu wake hospitali ya Muhimbili. Akakatiwa tiketi ya ndege. Kwenye tiketi imeandikwa 07:10. Mzee anajua kusoma, kisomo alihitimu. Akasema, "Hii ni saa saba na dakika kumi mchana." Siku ya safari alifika uwanjani saa tano asubuhi, anafurahi kwamba amewahi. Kumbe ndege yake ilikwisha tua Dar es Salaam zamani! Nauli ikapotea, na mtoto ni mgonjwa.

Basi leo tufanye hesabu hii.

Kwanza, umbali. Kwa barabara, Mwanza hadi Dar ni kama kilomita 1,150, maana barabara inazunguka Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, litatumia zaidi ya saa 14, bila kusimama hata kula. Ndege haizunguki milima wala haitafuti daraja. Kutoka kiwanja hadi kiwanja ni kama kilomita 850 tu.

Ndege kubwa ya jeti ikiwa juu huenda kama kilomita 800 kwa saa. Gawa 850 kwa 800. Unapata saa 1, na kilomita 50 zinabaki. Kwa dakika moja ndege hiyo hukata kama kilomita 13, kwa hiyo kilomita 50 ni dakika 4 hivi. Jumla ni saa 1 na dakika 4.

Lakini tiketi itakuambia saa 1 na dakika 20, au saa 1 na nusu. Je, wanatudanganya? Hapana. Ndege hutembea chini polepole kabla ya kuruka, hupanda taratibu, na ikikaribia kutua hupunguza mwendo. Tena ndege za mapangaboi haziendi kasi kama jeti.

Sasa tuje kwenye lile lililomponza mzee. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Tofauti ni saa 6. Kwa hiyo toa 6:

07:10 toa 6 = saa 1 na dakika 10 asubuhi.
13:15 toa 6 = saa 7 na robo mchana.

Ikizidi 12, toa 12 tena. 19:40 toa 6 ni 13:40. Toa 12, ni saa 1 na dakika 40 usiku. Na kama tiketi inasema 04:50, haitoshi kutoa 6, basi ongeza 6: saa 10 na dakika 50 alfajiri.

Ukishapata saa yako, rudi nyuma. Inafaa uwe uwanjani muda wa saa 2 kabla. Kwa ndege ya mzee, hiyo ni saa 11 na dakika 10 alfajiri. Kutoka Magu hadi uwanjani weka saa 1 na nusu. Yaani ilibidi aondoke nyumbani saa 9 na dakika 40 usiku! Na gari la saa hizo utalipata wapi? Afadhali kulala mjini kwa ndugu.

ZOEZI: Ndege inaondoka Mwanza 16:45. Safari ni dakika 90. Itatua Dar saa ngapi kwa saa zetu? Andika jibu kwenye daftari lako.