Mke Anayechoka kwa Kutabasamu

Wapendwa wanandoa, tuseme mnaishi Nyali. Jumapili mmetoka jumuiya ndogo ndogo. Mke amewaamkia wazee, amecheka wengine walipocheka. Mkifika nyumbani anazima taa na kujifungia chumbani, hataki kuguswa wala kusemeshwa. Mume anajiuliza: “Kwa watu ana maneno, kwangu hana. Je, amenichoka?”

Kabla ya kuhukumu, fahamuni kwamba wapo wanawake waliozaliwa na usonji wasijue hadi ukubwani. Usonji si mapepo, wala si kosa la malezi. Ni namna ubongo ulivyoumbika. Kelele, harufu au mabadiliko ya ghafla huweza kumwelemea mtu, na mafumbo na ishara za uso kumtatiza.

Mbona hawakutambuliwa mapema? Mwaka 1943 huko Marekani, Daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11. Kati yao 8 walikuwa wavulana. Kwa miaka mingi usonji ukadhaniwa ni jambo la wavulana. Binti naye alifunzwa adabu: tabasamu, usijibu mkato. Akaiga wenzake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unakiri kwamba dalili zaweza kufichwa na mbinu ambazo mtu amejifunza. Kujificha hivyo kunachosha, kama kusema lugha ya kigeni kutwa nzima.

Basi, mume, huenda hajakudharau. Huenda kwako ndipo mahali pekee anapothubutu kuacha kuigiza.

Mfanye nini?

1. Mume, usimwambie, “Mbona kwa watu unaweza?” Muulize ni nini kilichomwelemea.

2. Kubalianeni saa ya kimya baada ya mikusanyiko. Kama msukumano wa soko la Kongowea unamshinda, chukua kikapu wewe.

3. Mke, sema mapema: “Nimechoka, sijakukasirikia.” Mume hawezi kusoma moyo.

4. Si kila anayejifungia ana usonji. Huenda ni sonona, majonzi, au anatendewa vibaya nyumbani. Mwoneni daktari wa akili au mwanasaikolojia, mmweleze hata mambo ya utotoni. Mume asimwache aende peke yake, ila mke akitaka hivyo.

Siku ya harusi mliahidiana kupendana katika hali zote. Lakini huwezi kumpenda sawasawa usiyemjua. Usiku huu, baada ya sala, ulizaneni: “Ni wapi ninapojilazimisha kutabasamu?” Kisha kila mmoja asikilize bila kumkatiza mwenzake.