Istilahi na Vipimo vya Mchochota wa Utumbo

Makala haya yanahusu vipimo afanyiwavyo mtu anayeshukiwa kuugua mchochota sugu wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na Burrill Crohn na wenzake mwaka wa 1932, au kolitisi ya vidonda. Neno 'mchochota' limeteuliwa kwa makusudi. Wengi husema 'uvimbe', ilhali mgonjwa akisikia ana uvimbe tumboni hudhani ameambiwa ana saratani. Nalo jina 'vidonda vya tumbo' tayari lina mwenyewe: ni maradhi mengine kabisa.

Dalili ni kuhara kwa majuma mengi, damu chooni, maumivu na kukonda. Kwetu, aghalabu mwenye dalili hizo hutibiwa amiba kwanza. Si ajabu, kwani maambukizi hayana budi kuchunguzwa mwanzo. Linalosikitisha ni matibabu hayo kurudiwa mara tatu, mara nne, pasi na kipimo kingine.

Damu huonyesha upungufu wa damu na kiwango cha protini iitwayo CRP. Hiyo hupanda penye mchochota, lakini haisemi uko kiungo gani. Choo husema zaidi. Kalprotektini ni protini itokayo katika aina fulani ya seli nyeupe za damu. Seli hizo zikimiminika utumboni, kiwango chake chooni hupanda. Kikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa gramu moja ya choo, mchochota ni nadra. Kikizidi 250, pana kila sababu ya kuendelea. Hata hivyo, maambukizi na dawa za maumivu kama aibuprofeni nazo hukipandisha.

Kinachofuata ni kolonoskopi. Mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha utumbo, kisha bomba jembamba lenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Daktari hukata vinyama vidogo, hata mahali panapoonekana pazima, kwa kuwa hadubini huona yasiyoonwa na kamera. Sehemu zisizofikiwa na bomba huchunguzwa kwa picha za MRI.

Hapa Afrika Mashariki pana kikwazo cha ziada: kifua kikuu cha utumbo. (Kifua tumboni! Istilahi hii nayo yahitaji mjadala wake.) Hushika zaidi pale utumbo mwembamba unapokutana na ule mpana, papo hapo unapopenda kushika ugonjwa wa Crohn, na vidonda vyake hufanana. Kwa hivyo vinyama hupimwa pia kutafuta bakteria wa kifua kikuu, na mapafu hupigwa picha. Kukosea hapa ni hatari, maana steroidi zinazotuliza ugonjwa wa Crohn hudhoofisha kinga ya mwili, na kifua kikuu kisichotibiwa hupata nafasi ya kuenea.