Kuchagua na Kutumia Mashine Ndogo ya Kulimia

Mkulima wa skimu, kila mvua inapokaribia swali ni lile lile: shamba litalimwa na nani, na kwa fedha gani? Mashamba yaliyogawanywa tangu Serikali ilipoanzisha mpango wa ekari milioni mwaka 1962, mengi yamegawanywa tena kwa watoto na wajukuu. Palipokuwa na ekari 20, leo pana vipande vya ekari 2 au 3 vyenye ua katikati. Trekta kubwa haina nafasi ya kugeuka humo, na ng'ombe wa kukokota plau hawana malisho. Ndiyo sababu wengi wameanza kuitazama mashine ndogo isukumwayo kwa mikono, ile wengine huiita tila.

Tila ni chombo kizuri, lakini si chombo cha kila mtu. Mtu aliyeuza ng'ombe wa maziwa ili ainunue, kisha akaona haiwezi kulima shamba lake, amepoteza maziwa na amepoteza kulima. Basi soma kwanza, uende dukani baadaye.

Tila hailimi kama plau. Plau hukata udongo na kuupindua. Tila ina visu vinavyozunguka kwa nguvu ya injini, navyo huukatakata udongo mahali pale pale. Kazi hii ilijaribiwa mwaka 1912 na kijana mmoja wa Gilgandra, Australia, jina lake Arthur Clifford Howard, aliyeazima nguvu za trekta ya mvuke ya baba yake ili azungushe visu. Ujue basi kwamba tila yafaa zaidi kwa kulainisha udongo uliokwisha kuvunjwa. Shamba lililolala miaka mitatu likaota majani manene ya kikuyu si kazi ya mashine ndogo. Visu vitaruka juu ya majani kama mbuzi, na mizizi itajizungusha kwenye mhimili mpaka injini izime. Shamba la namna hiyo livunje kwanza kwa plau ya ng'ombe, trekta ya kukodi au jembe uma, uliache majuma machache majani yaoze, ndipo ulete tila.

Ziko za namna mbili. Ya kwanza haina magurudumu ya kuvuta. Visu vyenyewe ndivyo vinavyoisukuma mbele. Ni nyepesi, na bei yake ni nafuu. Hiyo yafaa bustani ya sukuma wiki, vitunguu na karoti, na udongo mwekundu uliolainika. Katika udongo mgumu hurukaruka na kumchosha mwenye kuishika hata apende jembe lake la zamani. Ya pili ina magurudumu mawili yanayoendeshwa na injini, na visu viko nyuma. Ni nzito, lakini hutulia, kwa kuwa magurudumu huizuia isikimbie na visu hukata taratibu. Kubwa zaidi katika jamii hii hutumia dizeli na huweza kuvuta mkokoteni. Pengine mwenye ekari 2 za mahindi na viazi atafaidika na hii ya pili kuliko ya kwanza, ijapokuwa bei itamuuma.

Usichague kwa kutazama rangi. Tazama nguvu za injini, na hapa wakulima wa nyanda za juu wasikilize sana. Injini ya petroli huvuta hewa ili iunguze mafuta, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, injini hupoteza kama sehemu 3 na nusu katika kila 100 za nguvu zake. Katika Kinangop sehemu nyingi ni kama mita 2,500 juu ya bahari. Gawanya 2,500 kwa 300, utapata kama 8. Zidisha kwa 3 na nusu, ni 28. Basi injini iliyoandikwa nguvu za farasi 7 itakupa huko kama nguvu 5 tu. Mwenzako wa Mwea, aliye chini sana kuliko wewe, akikuambia mashine ya nguvu 5 yamtosha, hasemi uongo. Wewe chukua ya 7. Kadhalika, ukiona inatoa moshi mweusi na plagi ina masizi, huenda inapata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fundi aweza kuirekebisha kabureta kwa ajili ya mahali pa juu.

Jambo la pili ni spea. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka akuonyeshe visu vingine, mkanda, plagi na chujio la hewa. Asiseme vitaletwa, vishike kwa mkono wako. Visu huisha kama jembe linavyoisha, na katika udongo wa changarawe huisha upesi. Mashine isiyo na visu madukani kwenu ni chuma cha kukalia kuku. Tena mwambie aiwashe ikiwa baridi, si ile aliyokwisha kuiwasha asubuhi akikungojea. Na ikiwa mama wa nyumba ndiye atakayeitumia siku nyingi, mwende dukani pamoja, na yeye mwenyewe aigeuze.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi huanguka. Bei hubadilika, kwa hivyo hesabu hizi ni mfano tu. Weka bei za kwenu.

Tuseme mashine yauzwa shilingi 90,000 na itadumu miaka 5. Kila mwaka imekula shilingi 18,000. Weka 6,000 za visu, oili na fundi, jumla ni 24,000. Una ekari 2, nawe walima mara mbili kwa mwaka, yaani ekari 4. Kila ekari imekugharimu 6,000 kabla ya petroli. Ikiwa ekari yataka lita 10, na lita ni shilingi 180, ongeza 1,800. Jumla ni shilingi 7,800 kwa ekari. Ikiwa mwenye trekta wa kwenu hutoza 4,000, basi mashine yako imekula karibu mara mbili ya fedha za kukodi, na jasho ni lako.

Lakini tuseme majirani wanne, kila mmoja ana ekari 2, wamenunua mashine moja pamoja. Sasa yalima ekari 16 kwa mwaka. Kwa kuwa yafanya kazi nyingi, matengenezo tuyaweke 12,000. Kumi na nane elfu na 12,000 ni 30,000. Gawanya kwa 16, ni 1,875. Ongeza petroli 1,800, jumla ni 3,675. Imeshuka chini ya trekta, na mashine iko kwenu siku unayoihitaji.

Mbona basi wasiwe majirani kumi, ipungue zaidi? Kwa sababu ya mvua. Tila yenye upana wa futi 2 yalima kama ekari moja kwa siku. Ekari ni kama hatua kubwa 70 kwa 70, yaani futi 210 kila upande. Kwa upana wa futi 2 utakwenda na kurudi mara 105, kila mara hatua 70, ambazo ni hatua 7,350. Ukienda hatua 40 kwa dakika, ni kama saa 3, bila kuhesabu kugeuka na kupumzika, tena mara nyingi wahitaji kupita mara mbili. Watu wanne wenye ekari 8 humaliza kwa siku 8. Watu kumi wenye ekari 20 watahitaji siku 20, na wa mwisho atapanda mahindi yake wakati wa wenziwe yamekwisha kuota. Huyo ndiye atakayekivunja chama. Wawe wanne au watano, wapige kura ya zamu, na aliyekuwa wa mwisho mvua hii awe wa kwanza mvua ijayo. Kila mtu aweke petroli yake, oili itoke katika sanduku la chama, na pawe na daftari la kuandika saa ilizofanya kazi. Waendeshaji wawe wawili tu. Mashine inayoshikwa na kila kijana wa kijiji haina mwenyewe.

Ukiisha kuipata, usiingie nayo shambani siku mvua ilipokatika asubuhi. Chukua udongo kiganjani kutoka kina cha inchi 4, ufinye uwe donge, kisha lisukume donge kwa kidole gumba. Likivunjika, lima. Likibonyea kama unga wa chapati uliokandwa, rudi nyumbani ungoje. Wenye udongo mweusi wa mfinyanzi waangalie zaidi, kwani visu vikizunguka katika udongo huo ukiwa mbichi huupaka kama saruji, na jua likipiga utapata matofali. Mashamba ya mpunga ya Mwea ni mambo mengine. Huko visu huzungushwa ndani ya maji kwa makusudi, ili maji yasizame chini.

Mara ya kwanza lima inchi 2 au 3 tu. Mara ya pili ongeza mpaka inchi 5 au 6. Tila isiyo na magurudumu ya kuvuta ina chuma kinachoburuta nyuma. Ukikandamiza mikono ya mashine, chuma hicho huzama, mwendo hupungua na visu huchimba chini. Ukiinua kidogo, mashine huenda mbele. Hiyo ndiyo elimu yote ya kuiendesha, nayo hujifunzwa kwa saa moja. Usishindane nayo kwa mabega. Tena usigeuke kwa kona kali ukifuata mstari ulio kando ya ule uliotoka. Ruka mstari mmoja, kisha urudie ile uliyoiacha. Kwenye mteremko pita kwa kukingama, usipande na kushuka, na mteremko mkali uachie jembe.

Watu hupenda kuona udongo umekuwa laini kama unga, na jirani akipita asifu. Udongo wa namna hiyo ukipigwa na mvua kubwa hufunga juu kama ngozi, mbegu hushindwa kutoka, na unaobaki huchukuliwa na maji. Acha mabonge madogo ya ukubwa wa yai. Kwa mahindi si lazima hata kulima shamba zima; lima mistari ya kupandia tu, na katikati uache mabua na majani yafunike ardhi. Petroli itapungua nusu.

Kuna hatari mbili ambazo muuzaji hatakuambia. Ya kwanza ni sangari na ndago. Sangari ina mizizi mirefu yenye vifundo, na kila kifundo chaweza kuota. Jembe uma huing'oa mizizi ikiwa mizima. Tila huikata vipande mia, na kila kipande ni mmea mpya. Nimeona robo ekari ya sangari ikawa ekari nzima kwa misimu miwili, mwenyewe akidhani anailima. Ing'oe kwanza kwa jembe uma wakati wa kiangazi, uianike juani ikauke kabisa au uichome. Na ukitoka katika sehemu yenye sangari, safisha visu kabla ya kuingia sehemu iliyo safi, hasa mashine ikiwa ya chama.

Ya pili ni tabaka gumu chini. Visu vikipita kina kile kile miaka na miaka, huupigapiga udongo ulio chini yake mpaka ukawa sakafu. Maji hayapenyi, na mizizi ya mahindi hupinda kando. Chimba shimo la futi moja na nusu ukatazame. Ukiona mizizi imepinda, vunja tabaka hilo kwa jembe uma au plau iendayo chini zaidi, udongo ukiwa mkavu. Kisha badili kina cha tila kila msimu, na utie samadi.

Kwa kupalilia kati ya mistari ya mahindi, ondoa visu vya nje upana uwe futi moja au moja na nusu, na usizidi inchi 2 kwenda chini. Mahindi yakipita magoti, acha. Mizizi imekwisha kutanda.

Sasa habari ya mwili wako. Majani yakijizungusha kwenye visu, zima injini, chomoa waya wa plagi, ndipo utie mkono. Usivute mashine kinyumenyume ukielekea ukuta, mti au ua, maana ikikubana hapo visu viko miguuni pako. Vaa viatu vya mpira au vya ngozi, si kandambili. Watoto wakae mbali, kwani jiwe likirushwa na visu halichagui. Usiongeze petroli injini ikiwa moto, wala usiiwashe ndani ya ghala lililofungwa. Moshi wake huua mtu bila kumwamsha.

Oili ya injini itazame kila siku kabla ya kuwasha. Mashine mpya, ibadilishe baada ya saa 20 za kwanza, kisha fuata kitabu chake. Chujio la hewa lisafishwe kila siku wakati wa vumbi. Msimu ukiisha, mwaga petroli yote iliyobaki tangini, uiwashe mpaka izime yenyewe, kwani petroli ikikaa miezi huacha gundi ndani ya kabureta. Osha visu, vipake oili chafu, uiweke mashine juu ya mbao mahali pasiponyeshewa.