Kuondoka Nyumbani Si Talaka



Mara nyingi akina mama, na siku hizi akina baba pia, hufika ofisini kwetu na neno moja: "Tumeachana." Nikiuliza wameachana vipi, jibu huwa, "Nilichukua watoto nikarudi kwetu," au, "Alifunga nguo zake akaenda."

Mama mmoja alikuwa amekaa kwao miaka sita. Alikuja kwa sababu alisikia shamba la chai walilonunua na mumewe linatafutiwa mnunuzi. Hati ya shamba ilikuwa na jina la mume peke yake. "Lakini nitasema nini," aliniuliza, "na niliondoka mwenyewe?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na ndilo somo la leo. Kuondoka nyumbani hakuvunji ndoa, wala hakumnyang'anyi mtu haki yake.

1. Kutengana na talaka

Mume na mke wakiishi mbalimbali, hata miaka kumi, bado wameoana mbele ya sheria. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Waislamu hufuata sheria ya dini yao na kesi zao husikizwa na Kadhi. Wengine wote, talaka hutolewa na korti. Hata ndoa ya kimila ni ndoa kamili, na inatakiwa iandikishwe. Wazee wa ukoo wanaweza kusuluhisha, na ni vizuri wajaribu, lakini wao hawatoi talaka.

Kwa ndoa ya Kikristo, korti huangalia mambo haya: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, mtu kumtoroka mwenzake kwa miaka mitatu au zaidi, upotovu uliopita kiasi, au ndoa kuharibika kabisa isiweze kutengenezeka.

Sisi Wakatoliki tusichanganye njia mbili. Talaka ya korti haiondoi kifungo cha sakramenti. Na mahakama ya jimbo ikiamua kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, uamuzi huo hauvunji ndoa katika vitabu vya serikali. Tena Kanisa halimlazimishi mtu kukaa mahali maisha yake yako hatarini.

2. Mali

Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Wengine wakasema, basi ni nusu kwa nusu. Sivyo. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mgao unategemea mchango ambao kila mmoja ameuonyesha.

Lakini mchango ni nini? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema si pesa tu. Kupika na kutunza nyumba, kulea watoto, kulima shamba, kusimamia biashara ya familia, yote yanahesabiwa. Sheria hiyo inasema pia kwamba, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali.

Sasa mrudie yule mama. Bado alikuwa mke. Alikuwa na haki ya kupinga shamba lisiuzwe bila yeye kukubali, na kuomba ofisi ya ardhi iandike zuio kwenye rejista. Shida yake ilikuwa ushahidi. Risiti za majani chai aliyochuma miaka yote zilibaki ndani ya sanduku kule alikotoka. Ilibidi aanze kutembea kwa majirani, mmoja mmoja, akiwaomba wakubali kuwa mashahidi. Kazi ya siku moja ikawa ya miezi.

3. Watoto

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata msingi huo, na korti huangalia kwanza faida ya mtoto. Kwa hivyo mama asimfiche mtoto ili kumkomoa baba. Baba naye asiseme, "Nisipomwona, sitoi karo." Chakula cha mtoto si silaha. Afisa wa watoto anaweza kuwasaidia kuandika makubaliano. Wakishindwa, kuna Mahakama ya Watoto.

4. Walioishi pamoja bila ndoa

Msitegemee miaka. Mwezi huohuo wa Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuchukulia watu kuwa wameoana kwa sababu waliishi pamoja ni jambo la mara chache, tena kwa ushahidi wa kutosha. Ndugu zangu, andikisheni ndoa zenu.

5. Ufanye nini?

- Ukipigwa au kutishwa, usingoje talaka. Ripoti polisi, na uombe korti amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani.
- Weka mahali salama cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, nakala ya hati ya shamba, risiti na rekodi za M-Pesa.
- Mkikubaliana jambo, liandikeni na kutia sahihi mbele ya mashahidi.
- Kama huna pesa za wakili, uliza kuhusu msaada wa kisheria wa serikali chini ya sheria ya 2016. Kituo cha Sheria husaidia maskini, na FIDA Kenya husaidia akina mama.

Kumbuka, kujua sheria si kutafuta talaka. Wenzi wengi hurudiana, na tunafurahi. Lakini hata wanaorudiana, huanza vizuri kila mmoja akijua haki ya mwenzake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Hapa kwetu, mama akirudi kwao, watu husema amepoteza nini? Sheria inasemaje?
2. Katika nyumba yako, ni nani anajua karatasi za familia ziko wapi?
3. Jumuiya inaweza kumsaidiaje mtoto ambaye wazazi wake wametengana?