Milango ya Kompyuta Ndogo: Soketi, Pini na Kipimo cha Kimo cha Ziwa

Mwezi Mei mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi kimo ambacho hayakuwa yamekifikia tangu mwaka 1964. Mvuvi wa Musoma aliyaona kwa macho yake mwaloni. Lakini kuona si kupima. Je, wanafunzi wa sekondari wanaweza kuufuata mwendo wa maji hayo kwa tarakimu, siku hata siku, kwa chombo walichokiunga wenyewe? Wanaweza, iwapo wataielewa vema milango ya kompyuta ndogo ya bodi moja.

Kompyuta ya namna hii ina kila kiungo chake juu ya kibao kimoja kinachoenea kiganjani. Iliyo mashuhuri ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa madhumuni ya kuwafundishia vijana. Bei yake si kubwa, lakini katika shule nyingi hupatikana moja tu. Mwandishi wa makala haya amepata kuiua moja kwa waya mmoja uliokosea pini moja. Haikutoa moshi wala mlio. Ilinyamaza tu, na somo likaishia hapo. Kwa hiyo tuijue milango kabla ya kuifungua.

1. Milango ya pembeni

Tuchukue aina ya nne ya kompyuta hiyo, iliyotolewa mwaka 2019. Pembeni mwake pana soketi ambazo umbo lake huzuia makosa mengi. Soketi ya umeme hupokea volti 5, na kigawa-umeme chake kiweze kutoa ampea 3. Chaja dhaifu ya simu huifanya kompyuta ijizime na kujiwasha bila sababu inayoonekana. Soketi nne za USB ni za kibodi, kipanya na diski. Mbili ndogo za HDMI hupeleka picha kwenye runinga. Soketi ya mtandao hupokea kebo ambayo yaweza kufika meta 100, ilhali kebo ya kawaida ya USB isizidi meta 5. Upande wa chini huchomekwa kadi ya kumbukumbu, ambayo huweza kuharibika umeme ukikatwa ghafla. Yafaa kuizima kompyuta kwa amri kwanza, ndipo plagi ichomolewe.

2. Pini arobaini

Mlango ulio muhimu zaidi kwetu ni safu mbili za pini, 20 kila safu. Hapa hakuna umbo la kumzuia mkosaji. Kinga pekee ni elimu. Pini 1 na 17 hutoa volti 3.3. Pini 2 na 4 hutoa volti 5. Pini nane ni za ardhi, yaani volti sifuri. Zilizobaki 28 ni za ishara, na mbili kati yake, 27 na 28, zimetengwa kwa utambulisho wa bodi za nyongeza.

Kanuni ya kwanza: pini ya ishara haivumilii zaidi ya volti 3.3. Ukiipa volti 5 utaiua, pengine pamoja na kompyuta nzima. Pini ya volti 5 ipo jirani kabisa, na huko ndiko mwandishi alikokosea.

Kanuni ya pili: pini ya ishara ni ya kutoa habari, si nguvu. Isivutwe zaidi ya miliampea 16. Pampu ya maji haiungwi hapo moja kwa moja. Huendeshwa kwa transista au swichi ya sumaku.

Kanuni ya tatu: pini hizo hutambua hali mbili tu, ipo au haipo. Kihisi kinachotoa volti zinazopanda na kushuka polepole huhitaji chombo cha kugeuza volti kuwa namba.

3. Njia ya pamoja na njia ya pekee

Msafiri anayefika stendi ya Bunda hukuta magari ya Musoma, ya Mwanza na ya Kisorya kuelekea Ukerewe. Barabara ya Mwanza hadi Musoma ni moja, lakini vituo ni vingi, na abiria hushuka kwa kutaja jina la kituo chake. Ndivyo ilivyo njia iitwayo I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Waya mbili tu, kwenye pini 3 na 5, huhudumia vihisi vingi, na kila kihisi hujibu kinapoitwa kwa anwani yake. Viwili vyenye anwani moja vitajibu kwa pamoja na kuvurugana. Tena njia hii ni ya mwendo mfupi, ndani ya sanduku moja.

Kwa mwendo mrefu zaidi kipo kipimajoto DS18B20, ambacho hupeleka namba kwa waya mmoja wa ishara, kwa kawaida kwenye pini 7. Waya huo huunganishwa na volti 3.3 kupitia kikinza cha omu 4,700.

4. Mfano: kupima kimo cha maji

Kihisi HC-SR04 hutoa mlio wa kilohezi 40, usiosikika kwa sikio la binadamu, kisha hungoja mwangwi. Tukikifunga juu ya nguzo kikitazama maji, muda wa mwangwi hutupa umbali. Lakini kihisi hiki hutumia volti 5, na ishara yake ya mwangwi ni volti 5 pia. Hivyo tunaigawa kwa vikinza viwili mfululizo, cha omu 2,200 na cha omu 3,300, na kuchukua ishara kwenye hicho cha pili:

V = 5 × 3,300 ÷ (2,200 + 3,300) = volti 3.0

Sasa pini yetu i salama. Tusisahau kuunga ardhi ya kihisi na ardhi ya kompyuta, kwani volti ni tofauti baina ya nukta mbili. Pasipo nukta ya pamoja ishara haina maana.

Mwendo wa sauti hewani ni takriban 331 + 0.6θ meta kwa sekunde, θ ikiwa nyuzi za Selsiasi. Katika nyuzi 25 ni meta 346. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.0120, umbali ni 346 × 0.0120 ÷ 2 = meta 2.08. Baadaye ukirudi kwa sekunde 0.0115, umbali ni meta 1.99: maji yamepanda takriban sentimeta 9.

Lakini tuangalie. Kwa muda uleule wa sekunde 0.0120, nyuzi 19 za asubuhi hutoa meta 2.05, na nyuzi 29 za mchana meta 2.09. Asiyepima joto atadhani Ziwa limesogea karibu sentimeta 4, kumbe limetulia. Kwa hiyo kipimajoto si pambo, ni sehemu ya kipimo. Aidha, mawimbi huyumbisha namba. Tupime mara nyingi na kuchukua wastani.

5. Pasipo na ziwa

Shule ya Bunda iliyo mbali na maji yaweza kupima tangi la mvua kwa sakiti ileile. Ya Butiama yaweza kuunda kipimamvua chenye kikombe kinachopinduka: kila kikipinduka hufunga swichi, na pini moja ya ishara huhesabu. Swichi hiyo iungwe kati ya pini na ardhi, na pini ishikiliwe kwenye volti 3.3 kwa kikinza, isije ikahesabu mvua isiyonyesha.

Maswali

1. Kwa nini soketi ya HDMI haihitaji tahadhari kubwa kama pini arobaini?
2. Vikinza vya kugawa volti vikibadilishana nafasi, pini itapata volti ngapi?
3. Kikombe cha kipimamvua hupinduka kila milimeta 0.2 ya mvua. Kikipinduka mara 85, imenyesha mvua kiasi gani?
4. Nguzo ya kihisi iko meta 60 kutoka darasani. Ni njia zipi zilizotajwa hapa ambazo hazifai kufikisha habari hizo, na kwa nini?

Mwalimu awaachie wanafunzi wachore sakiti kwanza, wakaguane wao kwa wao, kisha ndipo umeme uwashwe. Dakika tano za kukagua ni nafuu kuliko kompyuta nyingine.