Bisi za mbegu za mchicha: zinafaa kwa mtoto?

*Wifi yangu ameniletea bisi ndogo sana, akasema ni za mbegu za mchicha. Mimi mchicha naujua wa mboga tu. Nilizionja, tamu. Nilipokaanga mwenyewe ziliungua. Je, mwanangu wa miaka miwili anaweza kula?*
*Mama J., Morogoro*

Mama J., usiwe na wasiwasi, hicho ni chakula cha kale. Huko Meksiko bisi hizi hushikanishwa kwa asali na kuuzwa kama vipande vitamu viitwavyo alegría. Zina protini nzuri, na lisini (kijenzi kimojawapo cha protini) nyingi kuliko mahindi.

Mbegu hupasuka kwa sababu maji yaliyo ndani yake hugeuka mvuke ghafla. Moto ukiwa mdogo, mvuke hutoka polepole na mbegu huungua tu. Pasha sufuria kavu, bila mafuta, hadi tone la maji liruke juu yake. Tia kijiko kimoja tu, funika, tikisa, na umimine zikishapasuka. Ni suala la sekunde chache. Zikigoma, huenda zimekauka mno: zinyunyizie maji kidogo, uziache zinywe kwanza.

Ninalokusihi sana: usikaange mbegu za duka la pembejeo. Nyingi hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Nunua zinazouzwa kama chakula.

Mtoto mchanganyie kwenye uji, maana zikiwa kavu zinaweza kumpalia. Anza na kijiko kidogo. Akivimba midomo au akihema kwa shida, mkimbize hospitali mara moja.