Tando za Kabidi zenye Matabaka

Kabidi ya titani na silikoni, Ti3SiC2, huunganisha tabia mbili zinazokutana kwa nadra: hustahimili joto kama kauri, na hupitisha umeme kama metali. Asili yake ni mpangilio: baada ya kila matabaka matatu ya titani yaliyoshikamana kwa kaboni, huja tabaka moja la silikoni.

Ili utando wake uote, ioni za agoni huvipiga vibamba vya elementi hizo katika ombwe. Atomu zinazobanduka hutua juu ya fuwele yenye joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi. Fuwele ikiwa baridi, atomu hukwama pale zilipotua, na matabaka hayajipangi.

Germani, iliyo chini ya silikoni katika jedwali la elementi, huweza kushika baadhi ya nafasi zake bila kuvunja mpangilio. Hiyo ndiyo aloi. Lakini joto hilo huondoa ugumu wa feleji; ndiyo sababu Cr2AlC, iotayo kwa nyuzi 450 hivi, huthaminiwa.